Anapakana na Nani

Farida alirudi Mahurunga siku ya Ijumaa, watu wakitoka msikitini, akiwa juu ya bodaboda na godoro lake limefungwa nyuma kwa mpira wa baiskeli. Begi peke yake lisingekuwa kitu. Hata ndoo ingeeleweka, maana ndoo hupasuka. Lakini godoro la mwanafunzi wa chuo haliletwi kijijini katikati ya muhula bila jambo, na Ismaili, baba yake, aliyekuwa ndiyo kwanza anavua kandambili barazani, aliliona godoro kabla hajamwona binti.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu. Habari za mjini?"

"Nzuri. Mama yupo?"

"Yupo jikoni. Pita."

Hakuuliza kuhusu godoro. Ismaili hakuwa mtu wa kuuliza jambo kabla hajalizunguka mara mbili tatu peke yake. Riziki, mkewe, alitoka jikoni akijifuta mikono kwenye kanga, akamkumbatia bintiye, akalitazama godoro, kisha akamtazama mumewe. Walikuwa na miaka thelathini na sita ya kutazamana namna ile.

"Godoro lako linanuka vumbi," Riziki alisema tu. "Kesho nitalianika."

"Sawa, mama."

Farida alikuwa kitinda mimba wao, ana miaka ishirini na mmoja, na wa kwanza katika nyumba ile kuvuka kidato cha nne. Tangu mwezi wa tatu alikuwa anasomea uuguzi mjini Mtwara. Alipokwenda chuoni alibeba vitu vilevile walivyobeba wenzake, isipokuwa kimoja, nacho ni daftari la baba yake.

Kwa miaka mingi Ismaili alikuwa karani wa salfa, ule unga wa njano ambao wakulima wa korosho huupulizia mikorosho inapochanua, ili maua yasiharibiwe na ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe. Msimu ukifika, mifuko ilishushwa ghalani, wakulima wakapanga foleni, na Ismaili akakaa mezani na rula, kalamu ya bluu, kalamu nyekundu na orodha. Kila mkulima mstari mmoja. Mtu akija mara ya pili, Ismaili hakugombana naye. Alimwambia kwa sauti yake ya chini, "Jina lako limeshaandikwa," akaliandika neno hilo pembeni kwa wino mwekundu, akamwita anayefuata. Orodha zake hazikuwahi kurudishwa na wakubwa, hata mwaka mmoja.

Kiingereza alijifunza mwenyewe, humohumo ghalani. Shule ya msingi ilikuwa imemwachia salamu na siku za wiki. Alianza na maandishi ya kwenye mifuko ya salfa, akaja kwenye makopo ya dawa za wadudu, kijitabu cha mashine ya kupulizia, na vipande vya magazeti vilivyofungiwa vitumbua. Baadaye alinunua kamusi kuukuu sokoni Mtwara, haina jalada, inaanzia herufi D. Maneno ya A, B na C aliyatafuta kwa watu. Kila neno alilolipata aliliingiza kwenye daftari kwa utaratibu alioujua: neno moja, mstari mmoja, maana moja. Kazi hiyo ilikuwa imefika mwaka wa kumi na tisa, na maneno elfu mbili mia sita na kumi na manne.

Yalikuwepo maneno yaliyomsumbua. Yalikuwa mafupi, ya kila siku, yale ambayo Waingereza hawamalizi sentensi mbili bila kuyatumia: "take", "get", "set", "run", "pass". Leo analikuta moja kwenye kopo la dawa likiwa na maana hii, mwezi ujao analikuta kwenye gazeti likiwa na maana nyingine kabisa. Ismaili aliyatendea kama alivyomtendea mkulima aliyepanga foleni mara mbili. Aliyaandikia pembeni kwa wino mwekundu: limeshaandikwa.

Siku Farida anaondoka kwenda chuoni, Ismaili alilifunga daftari ndani ya mfuko wa nailoni, akampa. "Ukikwama, fungua humu." Farida alilipokea kwa mikono miwili.

Jumamosi asubuhi Riziki aliliburuta godoro hadi uani, akalilaza juu ya chanja ya kuanikia mihogo. Alipofungua zipu ya kava ili alikung'ute, zikaanguka karatasi mbili zilizokunjwa mara nne. Alizipeleka nyuma ya nyumba, ambako Ismaili alikuwa ameifungua mashine ya kupulizia na kupanga vyuma vyake juu ya gunia, kimoja kimoja, kwa mfuatano wa kuvirudishia.

"Baba Zuberi, hizi zilikuwa ndani ya godoro." Zuberi alikuwa mtoto wao wa kwanza, anaishi Dar es Salaam. "Mimi Kizungu sikijui. Ila wino mwekundu naujua. Nimeolewa nao."

Ismaili alifuta mikono, akazifungua. Ulikuwa mtihani. Juu, ndani ya duara, iliandikwa ishirini na nane. Chini kulikuwa na maelezo kwamba waliopata pungufu ya hamsini warudie Jumatatu saa tatu asubuhi, na kwamba asiyerudia, au atakayeanguka tena, atasubiri mwaka ujao.

Alikaa juu ya kinu kilicholala ubavu, akasoma yote kwa kidole.

Swali la tatu liliuliza namna muuguzi anavyo-"take" joto la mgonjwa. Farida alijibu nusu ukurasa, kwa mwandiko mzuri, na kwa Kiingereza ambacho Ismaili alikielewa bila taabu: fungua madirisha, mpunguze mgonjwa nguo, loweka kitambaa kwenye maji ya uvuguvugu, mpanguse taratibu mpaka joto limtoke. Halikuwa jibu la mpumbavu. Riziki aliwapoza hivyohivyo watoto wote wa nyumba ile walipopata homa. Lakini swali liliuliza namna ya kumpima. Ismaili hakuhitaji kulifungua daftari ili akumbuke ule mstari. Take: chukua. Na ukimchukulia mgonjwa joto lake, atabaki nalo vipi?

Swali la tano liliuliza kwa nini mgonjwa anaweza kushindwa ku-"pass" mkojo. Farida alieleza kwamba pengine mkojo wake ulikuwa na vijidudu, kwa hiyo haukufikia alama zinazotakiwa maabara. Pass: faulu. Kumbe swali lilihusu kukojoa tu.

Ismaili alihisi kicheko kikimpanda, kikafika kifuani, kikageuka kuwa kitu kingine.

"Ameanguka?" Riziki aliuliza.

"Ameanguka."

"Kwa sababu gani? Yule si mvivu."

Ismaili alizikunja karatasi kwa kufuata mikunjo yake ileile. "Kwa sababu yangu."

Riziki hakubisha wala hakukubali. Alisimama pale akiokota nyuzi za godoro kwenye kanga yake. "Basi kaongee naye wewe. Nikienda mimi atalia, nami nitalia, na mihogo haitamenyeka."

Farida alikuwa kivulini upande wa jikoni na kilima cha mihogo mbele yake. Ismaili alichukua kisu cha pili, akavuta kigoda. Wakamenya. Maganda yake yeye yalitoka mapana yote sawasawa. Ya Farida yalikatikakatika.

"Mama yako ameanika godoro," alisema baada ya muhogo wa nne.

Kisu cha Farida kikasimama. "Nilitaka kukwambia, baba."

"Lini?"

"Baada ya Jumatatu."

"Jumatatu ikishapita."

"Ndiyo."

Ismaili aliutia muhogo kwenye beseni. "Kupima joto hawakukufundisha?"

"Walitufundisha. Kipimajoto nakijua, nimekishika wodini mara nyingi. Sikujua kwamba ndicho wanachouliza."

"Ukatazama daftari langu."

"Sikulitazama, baba. Nililikariri."

Hilo Ismaili hakulitarajia. "Ulipoona limekuangusha, mbona hukuniambia?"

"Miaka kumi na tisa," Farida alisema, macho chini. "Ningeanzia wapi? Nikupigie simu nikwambie baba, lile daftari lako..." Hakumaliza. Kisha akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyechoka. "Chuoni wananiita Maabara. Kwa sababu ya ule mkojo uliofeli."

"Wanakuonea."

"Hawanionei, inachekesha kweli. Lakini sirudi kukaa tena kwenye ile karatasi. Nitabaki hapa nikusaidie kupulizia. Mwaka kesho tutaona."

Ismaili aliujua mwaka kesho wa namna hiyo. Zuberi naye aliwahi kusema kuhusu shule kwamba mwaka kesho tutaona, na ilikuwa ni miaka kumi na minne iliyopita. Lakini kumwambia binti rudi, wakati kilichomwangusha ni mkono wako mwenyewe, aliona haya.

Aliinuka, akaingia ndani, akalitoa daftari kwenye begi la Farida. Lilikuwa bado ndani ya mfuko wa nailoni. Kingo zake zilikuwa zimelainika kwa kufunguliwa. Akatoka nalo kuelekea jikoni, kwenye moto.

Riziki alikuwa mlangoni na ungo wa mchele. "Unalipeleka wapi hilo?"

"Jikoni."

"Jikoni kuna kuni za kutosha." Alilichukua mkononi mwake, akalibana kwapani, akaendelea kupepeta mchele kama mtu asiyebeba kitu.

Wakiwa bado wamesimama hivyo, ikasikika sauti uani.

"Hodi kwa Limeshaandikwa."

Mtu mmoja tu alimwita Ismaili jina hilo. Alikuwa Jumanne Saidi, mkulima wa upande wa barabara ya Kilambo. Ukoo wake na ukoo wa Ismaili ni watani tangu enzi za babu zao, kwa hiyo Jumanne alikuwa na ruhusa ya kumtukana mbele ya mtu yeyote, msibani hata harusini, na aliitumia vizuri.

"Karibu, mtani," Ismaili alisema.

"Sikuja kwako. Nimesikia muuguzi kaja, nimemletea mgongo. Uko wapi, muuguzi? Njoo unitazame mgongo, baba yako aliuvunja kwa kunisimamisha foleni."

Farida alikuja akitabasamu, akamwamkia, akamwekea kigoda. Riziki alileta chai na mihogo ya kuchemsha, daftari lingali kwapani. Jumanne aliliona.

"Hilo nini unalilea?"

"Karani anataka kulichoma," Riziki alisema.

"Achome. Lilininyima salfa."

"Silo hilo."

"Yote yake ni hilohilo."

Farida alimmiminia chai. "Alikunyima vipi, mzee? Hadithi hiyo sijawahi kuisikia yote."

"Hakukwambia? Basi kaa." Jumanne aliweka kikombe chini, maana hadithi ile aliisimulia kwa mikono miwili. "Nimetoka nyumbani kabla ya adhana ya alfajiri. Nimepanga foleni mpaka jua likanipiga kisogoni. Nafika mezani. Baba yako hata hanitazami usoni. Jina? Jumanne Saidi. Anashuka na rula yake, anashuka, anashuka, anasimama. Limeshaandikwa. Nikamwambia, na nani? Akasema, na Jumanne Saidi. Nikamwambia, Jumanne Saidi ndiye mimi. Akasema, hata yeye alisema hivyo."

Riziki alicheka mpaka akaegemea nguzo. Alishaisikia mara arobaini.

"Walikuwa wawili?" Farida aliuliza.

"Tulikuwa wawili. Mwenzangu wa kule mtoni, penye mashamba ya mpunga, alishaamka mapema kuliko mimi. Jina lilelile, baba zetu jina lilelile. Mimi nikarudi na gunia tupu, na huyu mtani akaandika pembeni kwa wino wake wa damu. Mwaka ule maua yangu yote yakawa meupe kwa ubwiriunga. Korosho nilizovuna zilienea kwenye mfuko wa kanzu."

"Ulijuaje, baba, kwamba walikuwa wawili?" Farida alimgeukia Ismaili.

"Nilikuja kujua baadaye," Ismaili alisema taratibu. "Nilichelewa."

"Alichelewa mwaka mzima," Jumanne alisema. "Kisha siku moja namwona shambani kwangu, kaja kwa miguu, ana orodha na kalamu. Ananiuliza, unapakana na nani? Nikamwambia napakana na ujinga wako. Akaniuliza tena, vilevile, hana hasira. Basi nikamtajia. Mashariki napakana na Mwanaamina, magharibi barabara ya Kilambo, kusini kwa marehemu Faraji. Akaandika. Akaenda mpaka mtoni akamwuliza na yule mwenzangu. Akamwuliza kila mtu kijiji kizima. Akachora safu ya pili kwenye orodha yake yote, juu akaandika, anapakana na nani. Tangu siku hiyo majina yakifanana hakuna aliyerudishwa. Unasema Jumanne Saidi, anakuuliza, wa kupakana na nani? Unajibu, unabeba mfuko wako."

Alichukua kikombe, akanywa, akakirudisha. "Na msimu huo alinipa mifuko yake mwenyewe, ya mikorosho yake. Hilo sipendi kulisema mbele yake, litamvimbisha kichwa."

Kuku walikuwa wanachokoa maganda ya mihogo. Ismaili alikuwa anatazama kwapa la mkewe.

"Mama Zuberi, naomba daftari."

"La kuchoma?"

"La kupiga mistari."

Riziki alimpa. Ismaili hakufungua mwanzoni, alifungua mwishoni. Kurasa za nyuma kabisa, ambako Farida hakuwahi kufika kwa sababu alidhani ni tupu, zilikuwa zimejaa maandishi madogo. Juu ya kila ukurasa kulikuwa na neno moja: waliokataliwa. Karani hatupi karatasi, na Ismaili hakuweza kumrudisha mtu bila kuandika kwamba alikuja, siku gani na alisema nini. Maneno nayo aliyafanyia hivyo. Kila neno lililorudi na maana nyingine alilikataa mbele, akalinakili nyuma pamoja na sentensi nzima alimolikuta, na mahali: kopo la dawa, gazeti la vitumbua, karatasi ya zahanati.

Farida aliinama juu ya ukurasa. "Baba. 'Take' imekataliwa mara kumi na tatu."

"Kumi na tatu."

"Na hii hapa ni ya joto. 'Take' na 'temperature'. Uliikuta kwenye karatasi ya zahanati, nilipougua surua."

"Niliiona," Ismaili alisema. "Ilisimama mbele yangu nikairudisha."

Alichukua rula, kamusi na daftari jipya lililobaki msimu wake wa mwisho ghalani. Hakuanza tena na mstari kwa kila neno. Alilipa neno moja ukurasa mzima, akaliandika juu katikati, akachora safu mbili, na kwenye safu ya kushoto akaandika: linapakana na nani.

"Soma wewe, niandike mimi," alimwambia Farida.

"Linapakana na 'temperature'."

"Hapo ni nini?"

"Kupima."

"Endelea."

"Linapakana na 'medicine'. Kunywa dawa. Linapakana na 'seat'. Kukaa. Hii imepakana na 'two hours'." Alifikiri. "Kuchukua muda. Kazi inachukua saa mbili."

"Hilo hata sisi tunalo," Jumanne alisema. Hakuna aliyemwomba abaki, wala aliyemwomba aondoke.

"Hii siielewi," Farida alisema. "Gazeti la vitumbua. Binti ana-'take after' mama yake. Anamfuata mama yake nyuma?"

"Mimi nilifikiri hivyohivyo," Ismaili alisema. "Nikaona wamekosea."

Riziki, aliyekuwa amerudi kwenye mchele wake, aliuliza bila kugeuka, "Lilikuwa na picha hilo gazeti?"

Ismaili alisoma alichonakili miaka hiyo. "Picha ya msichana na mama yake. Wamekaa kwenye benchi."

"Wamekaa. Sasa wewe umeona wapi mtu anamfuata mwenzake wote wamekaa? Wanafanana hao. Ndicho mtu husema akiona picha ya mama na bintiye."

Farida alimtazama mama yake, kisha kamusi isiyo na jalada, akaipekua haraka mpaka herufi T, akashusha kidole. "Kufanana," alisema polepole. "Kurithi sura au tabia. Mama, ni kweli."

"Sijui Kizungu," Riziki alisema. "Watu nawajua."

"Huyu binti hakufanana na wewe," Jumanne alimwambia Riziki. "Kafanana na karani. Anakariri orodha."

Walifanya kazi mpaka adhuhuri, wakaswali, wakala, wakaendelea. Ismaili alichora mistari, Farida alisoma na kutafuta, na walipokwama wote wawili walimsomea Riziki majirani wa lile neno, naye akakisia, mara nyingine akapatia, mara nyingine akasema jambo la ajabu kabisa wakacheka. Kwa "pass" walipata majirani tisa. Jirani wa tatu alikuwa mkojo, na hapo Farida aliweka kichwa juu ya meza akacheka mpaka machozi yakamtoka, na Ismaili alimwacha, maana aliona si kile kicheko cha asubuhi.

Jumapili asubuhi Farida aliamka kabla yao. Ismaili alimkuta barazani, ameifunika safu ya kulia kwa kanga na kujiuliza mwenyewe kwa sauti ndogo. Alikuwa hasomi tena maana kwanza. Alikuwa analitazama neno, kisha anawatazama majirani zake, kama mtu anayetafuta mipaka ya shamba, halafu ndipo anajibu. Ismaili alipita kimya asimkatize.

Mpaka mchana walikuwa wamemaliza maneno tisa. Tisa kati ya elfu mbili mia sita na kumi na manne. Mtihani ungeweza kuuliza mengine, na Ismaili alilijua hilo vizuri kuliko mtu yeyote. Alikaa barazani na rula mapajani. Bodaboda ya mwisho yenye uhakika hupita saa kumi. Farida alikuwa hajasema anakwenda, wala hajasema anabaki. Uani, godoro lilikuwa limesimamishwa kwenye ukuta, limejaa jua.

"Muulize," Riziki alimnong'oneza.

"Hapana."

"Basi nimuulize mimi."

"Mwache. Tumeshamsukuma na daftari lile la kwanza. Hili la pili aende nalo mwenyewe."

Riziki alikaa kando yake kwenye mkeka. Akachukua rula mapajani mwa mumewe, akajikunia mgongo nayo, akairudisha.

Saa tisa na nusu walisikia kitu kikiburutwa uani. Hawakugeuka. Kikaburutwa tena, kikagonga mlango wa nyuma, kikatulia. Kisha sauti ya Farida ikatoka huko, ya mtu aliyebana mpira kwa meno.

"Baba, njoo unishikie upande huu. Likilegea litaangukia njiani."

Ismaili alikwenda. Alilishika godoro kwa mikono yote miwili wakati binti anazungusha mpira. Kwenye begi, juu kabisa, chini ya zipu isiyofunga vizuri, Farida alikuwa ameweka daftari jipya, na chini yake lile la zamani.

"Hilo la zamani liache," Ismaili alisema.

"Nalihitaji. Waliokataliwa wote wako humo."

Bodaboda ilipokuja, Jumanne alikuwa amesimama barabarani, na yeye ndiye aliyempigia dereva kelele kwamba akimwangusha muuguzi, mgongo wa Jumanne atautibu yeye.

Siku zilizofuata Ismaili aliirudishia mashine vyuma vyake, akapulizia mikorosho ya upande wa nyumba, akarudi kila jioni akiwa wa njano mpaka kope. Simu aliiacha kwa Riziki. Jumatano, wakiwa wanakula, ikalia mlio wa ujumbe. Riziki aliitazama, akampa.

"Isome wewe. Usome yote, usianze kuchagua."

Ismaili aliisogeza mbali na macho. "'Shikamoo baba, shikamoo mama. Hamsini na nne. Bado wananiita Maabara, ila sasa wanaliazima daftari.'"

Riziki alisema alhamdulillahi, kisha akaendelea kula, lakini tonge lilikaa mkononi muda mrefu.

"Imekwisha?"

"Kuna mstari mmoja." Ismaili aliisogeza simu tena. "'Baba, neno "set", linapakana na nani?'"

Kamusi yake isiyo na jalada ilikuwa kwenye rafu, akaenda kuichukua, akaifungua herufi S, akaiweka kando ya sahani. Alishusha kidole ukurasa wa kwanza. Akageuza, akashusha wa pili. Akageuza tena, na bado neno lilikuwa lilelile. Ugali ulikuwa unapoa.

"Kesho ukienda dukani," alimwambia mkewe mwishowe, "niletee kaunta buku. Ile nene, ya kwaya nne."

"Kwa ajili ya neno moja?"

Ismaili aligeuza ukurasa mwingine. "Kwa kuanzia."